Alama Mbili Nyekundu na Shimo Moja la Mwanzi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mradi wa Kingo za Mito, wazee wetu, mashehe na mapadri mlioketi benchi moja, majirani wote: salamu za amani ziwafikie.

KARIBU KANYOSHA

Mgeni rasmi, tangu alfajiri mtaa huu haujakaa kitako. Njia uliyopita imefagiwa mara tatu, na waliofagia mara ya tatu ni wale wale wa mara ya kwanza, kwa kuwa furaha haikuiacha mikono yao itulie. Sisi, wanachama wa Chama cha Majirani wa Ukingo, tumekungoja kwa hamu kwa sababu wewe ndiwe mgeni wa kwanza kulitembelea korongo letu wakati halijabomoa kitu. Wengine walikuja kutupa pole. Wewe umekuja kutupa hongera.

TULIKOTOKA

Miaka mitano iliyopita mto ulifurika, ukalichukua jiko la Bwana Gélase, fundi wa magari. Alitoka nje akiwa ameikumbatia sufuria, akatangaza: "Jiko imeenda, lakini maharage iko! Wenye njaa mukuje!" Tulicheka, tukaja, tukala, na tulipokuwa tukila tukatambua kwamba baada ya jiko lake yatafuata yetu. Chama hiki kilizaliwa pale, kando ya sufuria ile.

Tulikubaliana kwamba takataka hazitatupwa korongoni, mchanga hautachimbwa ukingoni, na kila nyumba itapanda mianzi. Kijana Hamimu, aliyekuwa akiuza mchanga huo, alituuliza kwa dhihaka, "Mianzi inaliwa?" Bi Sijaona akamjibu, "Apana. Lakini nyumba yako ndiyo inaliwa. We chagua." Leo Hamimu ni msimamizi wetu wa upandaji, na huwafokea wachimbaji wa mchanga kuliko sisi sote.

Nyumba iliyotimiza mianzi yake ilipigwa alama nyekundu ukutani, huku akina mama wakipiga vigelegele. Mgeni rasmi, mianzi mia nne na kumi na mmoja imesimama!

JANTI YA BI SIJAONA

Bi Sijaona tuliyemtaja ni mjane, mkaanga sambusa. Nyumba yake iko pale mto unapopinda, mahali pekee ambapo mtu huyaona maji yakishuka kutoka milimani. Marehemu mumewe alimwachia janti ya lori, yaani lile duara la chuma linalovishwa tairi, naye ameitundika kwenye mparachichi wake. Akiipiga mfululizo, kila mtu hutoka nyumbani.

Ijumaa moja ya mwezi wa nne mwaka jana, jua likiwaka bila tone la mvua mjini, aliliona jiwe jeupe la mtoni, kipimo chake cha kina cha maji, likizama. Aliziacha sambusa kwenye mafuta, akashika nyundo. Télesphore, kinyozi wetu, alichungulia kutoka kibandani mwake akicheka.

"Mama, kelele ya nini? Ni harusi ya nani? Mvua iko wapi?"

"Iko kule mulimani, inakuja kukunyoa weye! Toka!"

Alitoka, na mteja wake, Bwana Chabani, akamfuata akiwa amenyolewa nusu ya kichwa. Bi Sijaona akaendelea kupiga. Viganja vilichubuka. Aliusikia moshi wa sambusa zake zikiungua, akatamani kuzikimbilia. Akamkumbuka mtoto wa Lisette aliyelala na homa katika nyumba ya tatu, akapiga kwa nguvu zaidi. Aliiweka nyundo chini pale tu Lisette alipompita mbio, mtoto mgongoni.

Maji yalikichukua kibanda cha kinyozi, kioo na nyembe zake. Hayakumchukua mtu hata mmoja! Mianzi iliinama safu nzima kama waumini katika rukuu, kisha ikainuka, na udongo ukabaki mahali pake. Bwana Chabani alitembea na nusu yake ya nywele siku tatu kwa kukosa wembe. Bwana Chabani, simama mgeni akuone. Sasa kichwa kimekamilika.

ALAMA YA PILI

Mwezi uliopita wapimaji wa mradi wako walipita mtaani. Walifanya kazi yao kwa adabu, wakachora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa Bi Sijaona, kando ya alama yetu. Sisi, kwa desturi tuliyojiwekea, tulijua kwamba hiyo ni sifa.

"Hongera, mama! Hata Mradi imekupa alama!"

Vigelegele vilipigwa. Bi Sijaona alipika pilau, akawapelekea wapimaji sahani iliyojaa, nao wakala wakitazama chini. Siku tatu baadaye ikaja barua: nyumba yenye msalaba itaondolewa, kwa kuwa iko mita saba kutoka ukingoni, na kanuni inataka kumi.

Bi Sijaona hakulia mbele yetu. Alikwenda kuichukua kamba yake yenye mafundo saba, fundo moja kwa kila mita, akapima tena. Amepima hivyo kila Ijumaa tangu maji yale. Mvua zimekuja na kwenda, na fundo la saba lingali palepale ukingoni.

Tulipomwambia kwamba tutalitaja jina lake leo, alitukemea. "Mimi musiniombee. Munipeleke Ngagara, mbali na muto, kwa mutoto wangu, sawa, nitakula, nitalala. Lakini janti itaona nini kule? Mabasi?"

OMBI LETU

Mgeni rasmi, hatuombi viti wala turubai. Tunaomba vyombo vyako vya kupimia viihakiki kamba ya Bi Sijaona mbele yake, kwamba ukingo haujaliwa. Na ule ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya, ambao ramani yako inaukomesha darajani, ufike mpaka kwenye mparachichi.

Kisha kuna shimo. Limechimbwa mbele ya nyumba ile yenye alama mbili, mbolea imo, nalo linangoja mwanzi wa mia nne na kumi na mbili. Tunakuomba uupande kwa mkono wako. Walakini si heshima kumtega mgeni, kwa hiyo tunakusomea kwanza kanuni ya nne ya chama chetu: "Mwanzi humwagiliwa maji na jirani yake wa karibu kwa miaka mitatu, wala jirani huyo haondolewi kabla mwanzi haujatoa machipukizi."

Usipoupanda, tutakushukuru vilevile, na chakula ki tayari. Ukiupanda, huna haja ya kutuandikia barua nyingine. Bi Sijaona amekwisha kusimama pale shimoni, debe la maji mkononi.

Mwenyezi Mungu akurudishe kwako salama, aupe mji wetu wa Bujumbura mvua zenye neema, na kila anayewakeshea wenzake ampe wa kumkeshea.

Ni sisi,
Chama cha Majirani wa Ukingo, Kanyosha.

Imesomwa kwa niaba ya wanachama na Najla binti Salem, katibu.