Bibi Fumua na Bitana ya Tumbo

Subana. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona binti yule siku alipoanza kazi hospitalini, wasikilizaji wapendwa. Kile kikofia kidogo cha chuma ambacho fundi wa kushona hukivaa kidoleni ili sindano isimchome. Bibi aliyekaa mbele yake alikuwa anakunywa chai, na subana bado ilikuwa kidoleni. Alipoinua kikombe, ikagonga: tik. Alipokitua, tik. Binti akajiuliza moyoni, huyu huwa anaivua saa ngapi? Hakuuliza kwa sauti. Hakuwa mtu wa kuuliza.

Leo tunamkumbuka bibi huyo wa subana. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, usingizini, wanawe wakiwa chumba cha pili. Ujanani alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Mgongo ulipomgomea, hospitali ikamhamishia chumba cha kushonea. Akakiongoza mpaka akastaafu, na alipostaafu akaendelea kuja kana kwamba hakuna aliyemwambia. Muuguzi wa upasuaji, kisha mkuu wa chumba cha kushonea. Shikeni hayo mawili, maana ndiyo yaliyompa jina. Hospitali nzima ilimwita Bibi Fumua.

Mengi tutakayoyasema tumeyapata kwa binti mwenyewe. Leo ni fundi katika chumba kilekile. Alikuja hapa studio, akakaa ukingoni mwa kiti, akaongea kwa sauti ndogo mpaka fundi mitambo wetu akalazimika kumsogezea kipaza sauti karibu na kidevu. Tulipomwomba asimulie mwenyewe hewani, akatikisa kichwa. "Semeni nyinyi," alisema. "Mimi nitasikiliza nyumbani." Basi tunasema sisi, kwa ruhusa yake.

Kwanza mjue alikuwa amebeba nini.

Alikuwa na miaka tisa mama yake alipougua. Mama alilalamika tumbo siku kadhaa, akajikaza. Asubuhi moja akashindwa kuamka, na binti akapika uji. Uji ukaungua. Mama akaketi kitandani, akaunywa wote, akamwambia mwanawe, "Mtamu." Jioni maumivu yakazidi, akakimbizwa hospitali. Mjomba alipokuwa anamtoa, shangazi akaja mbio, akasimama mlangoni. "Amekula nini?" Mjomba akamjibu, "Uji tu."

Kesho yake mama hakuwa nao tena. Mjomba alirudi na neno moja tu kutoka kwa daktari: peritonitis. Alilitamka kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni. Hakuna aliyejua maana yake. Hakuna aliyeuliza. Mtoto wa miaka tisa akaunganisha vipande mwenyewe: uji, "amekula nini," na neno lile. Akaamini kwamba peritonitis ni jina la kile ambacho uji wake ulimfanyia mama. Alifika darasa la tano, akaacha shule awalee wadogo zake. Akakua. Neno likakua naye.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku alipopata kazi hospitalini, wasikilizaji. Msichana asiyeinua macho.

Chumba cha kushonea kiko chini ya ngazi, kimepakana na dobi. Kuta zina joto la mvuke mwaka mzima. Kuna vyerehani vinne, kimoja kibovu. Kuna meza ndefu ya kukatia, na pembeni yuko mpiga pasi, mwanamume wa makamo anayeongea kuliko redio hii. Hapo hushonwa na kuzibwa mashuka ya wodini, magauni ya wagonjwa na mashuka ya upasuaji.

Shuka la upasuaji lina tundu. Daktari humfunika mgonjwa, akafanya kazi yake kupitia tundu hilo. La jicho lina tundu dogo, hata yai halipiti. La tumbo lina tundu refu. Kila fungu la mashuka lina kitambaa chenye jina la upasuaji, limetarizwa kwa uzi mwekundu. Karatasi haistahimili maji ya moto. Uzi unastahimili.

Binti alipewa kazi ya kutarizi majina. Alikuwa na mkono mzuri ajabu. Alizitia herufi kama mtu anayetarizi maua, moja baada ya nyingine, bila kujua zinasema nini. Ndipo siku moja muuguzi wa upasuaji akateremka ngazi, ameingiza kidole kwenye tundu la shuka, shuka linaning'inia kama pete kubwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona umevaa shuka?"

"Kitambaa kimeandikwa laparotomi. Nimefungua, nimekuta tundu la jicho. Yule baba aliyelala pale juu ana kitambi, Bibi. Nimpitishe hapa?"

Mpiga pasi akaweka pasi chini ili acheke vizuri. "Mtungeni kama uzi kwenye sindano! Lambeni ncha kwanza!"

Mgonjwa hakupata dhara lolote; mafungu ya akiba yalikuwepo. Lakini binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi hakumgombeza. Alichukua kisu chake kidogo cha kufumulia, akakitoa kile kitambaa.

"Umeshona vizuri sana neno usilolijua," alimwambia. "Aliyekupa bila kukueleza ni mimi. Njoo tufumue."

"Shuka, Bibi?"

"Neno."

Akagonga meza kwa subana. "Majina haya si kitambaa kimoja. Ni viraka. Wagiriki wa kale wametoa kiraka, Walatini wametoa kiraka, madaktari wakashona. Wewe tafuta mshono. Lapara." Tik. "Tomi. Anza mkiani, mkia ndio unaokwambia kuna nini. Tomi ni kukata. Lapara, kwa Wagiriki, ni hapa ubavuni, palipo laini. Haya."

Binti akasema kwa sauti ya chini, "Kukata... tumbo?"

"Kulifungua. Sasa tundu liwe dogo au kubwa?"

"Kubwa."

"Basi hutakosea tena, hata mimi nikifa."

Na kweli hajakosea tena, wasikilizaji wapendwa.

Kuanzia siku hiyo kila neno lililoingia chumbani lilifumuliwa kabla ya kushonwa. Tomi ni kukata na kufungua. Ukisikia ektomi, ile ek ni nje: unakata na kukitoa kitu nje. Apendektomi, kidole tumbo kimetolewa. Tonsilektomi, tezi za koo zimetolewa. Itis ni mwako: mahali pamevimba, pana joto, panauma. Gastritis, mwako wa tumbo la chakula. Hepatitis, mwako wa ini. Algia ni maumivu. Oma, mara nyingi, ni uvimbe unaokua. Narudia kwa aliyechelewa: itis ni mwako, ektomi ni kutoa, na tunaanza mkiani.

"Na mimi nina njaaitis," mpiga pasi alisema siku moja kabla ya chakula cha mchana.

"Wewe una uvivuoma," Bibi akamjibu. "Na unakua."

Mpiga pasi ndiye aliyeuliza pia kwa nini figo ina majina mawili. Mara nefro, mara reni. Bibi akasema nefro ni la Kigiriki na reni ni la Kilatini, na figo haina habari. "Hata wewe nyumbani unaitwa Baba Fulani, huku unaitwa Kelele. Umegawanyika?"

Kilichomshangaza binti ni kwamba chini ya majina yale makubwa kulikuwa na vitu vya kawaida kabisa. Walatini waliuita msuli kipanya, kwa jinsi unavyokimbia chini ya ngozi ukikunja mkono. Mfupa wa goti kwenda chini waliuita filimbi. Kwenye sikio, kule ndani kabisa, kuna konokono. Kondo la nyuma ni mkate bapa. Binti akawa anakunja mkono wake chini ya meza, kumwangalia kipanya akikimbia. Alikuwa anacheka peke yake, kwa mara ya kwanza pale kazini.

Bibi asipojua, alisema hajui. Alikuwa anapanda ngazi, mkono mmoja mgongoni, akamuulize daktari. Akirudi anashangilia kama amepewa zawadi. Siku moja alirudi na neno la mboni ya jicho.

"Sogea," akamwambia binti. "Nitazame machoni. Sio shingoni, machoni. Unaona nini?"

Binti hakuwa amewahi kumtazama mtu hivyo. Akajikaza. "Najiona mimi. Mdogo."

"Enhe! Nao walimwona huyohuyo. Wakaiita mboni pupila, mwanasesere mdogo. Ukitaka kumwona, lazima usogee."

Mtoto wa kwanza wa Bibi, ambaye ni dereva wa malori, alituambia hivi: "Mama alitulea kwa kufumua. Ukisema kichwa kinauma, hakupi dawa kwanza. Anakuuliza, 'Ni sefalalgia au ni mtihani wa hesabu?' Sefali ni kichwa, algia ni maumivu. Ukiweza kulifumua, ujue siku hiyo shule huendi." Akacheka. "Kesho yake shule tulikuwa tunakwenda sote."

Karibu mwaka ukapita. Binti akayajua maneno ya kila fungu. Neno moja hakuligusa. Itis alikuwa ameijua siku nyingi, kwa hiyo mkia wa neno lile ulikuwa wazi mbele yake. Angeweza kuuvuta wakati wowote. Aliogopa kitakachotoka. Lisipofumuliwa, alituambia, kulikuwa bado na nafasi kwamba si yeye.

Ikafika siku Bibi alipokuwa anatia bitana kwenye koti la mkuu wa wauguzi. Bitana ilitandazwa mezani, nyepesi, inang'aa. Binti alikuwa ameishika upande mmoja.

"Bibi."

"Naam, mjukuu wangu."

"Peritonitis."

Alilisema akiitazama bitana. Bibi hakuuliza amelitoa wapi.

"Anza mkiani."

"Itis. Mwako."

Tik. "Peri?"

"Hiyo siijui."

"Peri ni kuzunguka. Ton ni kuvuta, kutanda. Kitu kilichotandwa kikazunguka." Bibi akakunja ngumi, akaifunika kwa ncha ya bitana. "Ngumi hii ndiyo utumbo. Na tumbo nalo lina bitana yake ndani, nyepesi kama hii, imetandwa imezunguka. Mwako wa bitana ya tumbo. Basi."

"Unaletwa na nini?"

"Mara nyingi kuna kitu kimetoboka. Kidole tumbo, kwa mfano. Kinavimba siku kadhaa, mtu anajikaza, mwisho kinapasuka. Uchafu unamwagika kwenye bitana."

Cherehani cha jirani kilikuwa kimenyamaza.

"Na uji?"

"Uji?"

"Uji ulioungua. Unaweza kufanya hivyo?"

Wasikilizaji wapendwa, mpiga pasi alikuwepo. Anasema hajawahi kuona tena alichokiona siku ile. Bibi Fumua aliweka mkasi mezani, akaivua subana. Akaushika mkono wa binti kwa kidole kitupu, cheupe kwa kufunikwa.

"Uji unapita ndani ya bomba la utumbo," alisema polepole. "Bitana iko nje ya bomba. Uungue, uwe na mabonge, utiwe chumvi badala ya sukari, haufiki huko. Nimesimama chumba cha upasuaji ujana wangu wote. Matumbo ya namna hiyo nimeyaona. Hakuna hata moja lililoharibiwa na uji. Na kesho nitakupeleka kwa daktari, usikie na kwa mtu wa pili."

Mkono mwingine wa binti ulikuwa bado umeishika bitana.

"Tena nikwambie lingine. Mwenye tumbo hilo hana hamu ya chakula. Ukimpa, anasukuma bakuli. Ukisikia aliunywa uji wa mtu, hakuunywa kwa njaa. Aliunywa kwa kumpenda aliyeupika."

Binti akaweka uso kwenye bitana akalia mpaka ikalowa. Mpiga pasi, yule Kelele, akageukia ukutani akapiga pasi shuka lililokwisha pigwa pasi. Bibi hakuuliza ni uji wa nani. Alingoja. Kisha akavaa subana yake na kusema, "Bitana hii tutakata nyingine. Mkuu wa wauguzi hana haja ya kujua."

Kesho yake walipanda ngazi pamoja. Daktari alisema yaleyale.

Tunatoa pole kwa wanawe, wajukuu zake, wauguzi wa upasuaji, Kelele na wote wa chumba kile chini ya ngazi. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi mnaotusikia, tafakarini kidogo. Ni neno gani lililoletwa nyumbani kwenu kutoka hospitalini likaachwa limefungwa? Nani kati yenu, pengine mdogo kuliko wote, amelifungua mwenyewe gizani? Ukipewa neno usilolijua, usiondoke nalo. Uliza mshono uko wapi. Waulize na watoto wamesikia nini.

Binti alimtembelea Bibi siku chache kabla hajatutoka. Alisogea karibu, akamtazama machoni, akamwona yule mdogo ndani. Alitaka kusema jambo. Hakulisema. Ametuomba tumsemee, kwa maneno yake, bila kuongeza:

"Bibi, hukuniuliza, nami sikukwambia. Uji ule niliupika mimi. Ulikuwa wa mama yangu. Aliunywa wote."