Marehemu Jedidah Jeptoo Otieno (1953–2006), Aliyeketi Kimya na Mungu Wake

Dada yetu Jedidah alizaliwa tarehe 12 Machi 1953, Kapsabet, akiwa kifungua mimba. Mimi, Shem, ni kitinda mimba. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, na kunifinya niliposinzia ibadani.

Alisomea uuguzi Nakuru, akahitimu mwaka 1975. Mwaka 1978 alifunga ndoa na Bwana Otieno, wakajaliwa Sheldon na Orpa. Walihamia Houston mwaka 1991, wakanunua nyumba Pearland, naye akahudumu wodi ya upasuaji hadi alipougua.

Aya hii kamati ya mazishi ilitaka niiondoe. Sikuiondoa, na wanaonikunjia uso waendelee tu. Mwaka 1998 Jedidah aliumia mgongo akimwinua mgonjwa, daktari akamshauri afanye yoga. Mgongo ulipona, lakini yeye hakuacha. Kila alfajiri alitandika mkeka kwenye gereji, akaketi, akafuata pumzi zake mpaka mawazo yakatulia. Aliniambia, "Shem, nimesali miaka arobaini nikiongea tu. Siku hizi nina-listen, na Mungu yuko karibu kuliko hii ngozi yangu."

Kanisani ikasemwa ana pepo. Jumamosi moja mwaka 2000, Mama Gaudence, mwenyekiti wa akina mama, alikuja na wenzake watano. Walimkuta amefumba macho, wakamwekea mikono na kukemea saa nzima. Hakutikisika. Sauti zilipowakauka alifumbua macho akasema, "Pole, mmechoka. Chai iko kwa themosi, na mandazi nime-warm." Wakanywa. Jumapili iliyofuata akavuliwa uongozi wa kwaya. Iliniuma, na bado inaniuma. Yeye hakuhama kanisa; miaka sita alikaa kiti cha nyuma, peke yake.

Novemba 2005 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Maumivu yalipozidi, aliketi zaidi. Tarehe 9 Mei 2006, saa nne asubuhi, Mama Gaudence alibisha hodi, amekuja kuomba msamaha. Bwana Otieno alichungulia chumbani, akamwona mkewe ameketi, macho yamefumbwa. "Ana-meditate," alisema. "Huwa hatumsumbui. Ngoja kidogo." Mama Gaudence alingoja dakika arobaini. Walipoingia, mikono ya Jedidah ilikuwa imeshapoa. Shemeji, hukukosea. Hata mimi ningefunga mlango.

Amemwacha mumewe, watoto wawili, mjukuu wake Jordan, nami ndugu yake. Mama Gaudence aliniomba mara mbili nimwandike miongoni mwa dada zake; nilikataa kwa hasira. Asubuhi hii wanakamati walinizuia mlangoni, wakitaka karatasi hii. Mama Gaudence akasimama kati yetu: "Shem asome yote. Mimi ndiye nilimkosea, na watu wasikie." Basi chukueni kalamu muongeze kwenye nakala zenu, maana jina hili halikuchapishwa: amemwacha pia dada yake, Gaudence.

Mungu aliyemsikiliza ampokee, na apumzike kwa amani.