Behewa la Evelina Limegoma Bandarini

Asubuhi hiyo, jamani, benchi la kahawa la Ngosha pale Kirumba lilikuwa na kelele kuzidi mnadani. Evelina kajikunyata mwishoni, kikombe kimempoa mkononi. Dagaa wake, gunia juu ya gunia, wako ndani ya behewa bandarini tangu juzi, na behewa halijasogea hata unyayo. Mteja wa Tabora kapiga simu tena: wakichelewa, ananunua kwingine. Waliomsaidia kupakia ni hawa hawa wa benchini, Waziri na Injinia. Waziri ni mvuvi mstaafu, jina kalipata kwa kuahidi. Injinia ni fundi redio, na juzi alimwona mtaalamu bandarini akichora ubaoni safari nzima ya mzigo, viboksi na mishale, atafute inakwama wapi.

— Hata sisi tunachora, akasema Injinia. Ngosha, leta vikombe!

Akavipanga benchini.

— Hiki geti. Hiki mizani. Hiki ushuru. Hiki kreni. Na kashata hii ndo behewa lako, dada Evelina.

— Mbona limemeguka?

— Ajali ndogo hiyo, usijali.

Waziri akagonga kikombe cha mizani.

— Tatizo liko hapa. Dagaa wanavuta unyevu, uzito unabadilika. Wanapima, wanarudia, wanapima.

— Tangu juzi wanapima tu, Waziri?

— Basi ni reli. Ziwa limejaa, reli imeinamia majini. Kichwa cha treni kikivuta, behewa linataka kurudi nyumbani.

— Behewa lina nyumbani?

— Dagaa ndo wana nyumbani! Wamezaliwa Ukerewe wale. Uwapeleke Tabora kukavu, wakubali tu?

Evelina akacheka bila kutaka.

— Dawa ipo, akasema Injinia. Tulipandishe behewa kwenye meli, liingie Tabora kwa nyuma.

— Tabora kuna ziwa, wewe?

— Hilo nalo tutalichora.

Waziri akaokota kashata, akaitia mdomoni.

— Umekula behewa langu!

— Limetoka bandarini au halijatoka?

Benchi zima likaangua kicheko. Ndipo akafika Hellen, mpangaji mpya wa jirani, na chupa yake ya chai mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Wakamweleza mambo yote. Hellen akaviangalia vile vikombe.

— Samahani. Nani alienda kuwaambia watu wa treni kwamba behewa limejaa?

Ngosha akaacha kumimina kahawa.

— Waziri, akasema Evelina polepole, si wewe ulisimamia?

— Mimi nilisimamia kupakia. Kwenda kusema nikajua ataenda Injinia.

— Mimi nilifunga turubai! Nikajua mwenye mali.

— Na mimi nikajua nyie!

Evelina alishasimama, anakaza kanga kiunoni.

— Bodaboda! Bandarini, na usisimame popote!

Pikipiki ikapotea na vumbi lake. Injinia akamgeukia Hellen, kifua mbele.

— Umeona faida ya kuchora?