Peni za Ijumaa

Haya, Keith, zima hiyo televisheni, na wewe Lorraine viache vyombo, mama yenu mdogo Mavis ataviosha. Kaeni hapa mnisikilize wanangu, pumzi ninayo kidogo na sitaki kuimaliza kwa kurudia maneno.

Nyumba ni yenu nusu kwa nusu, msiiuze kwa hasira. Deni sina. Zimebaki hizi hela zilizorudishwa na kampuni ya katalogi, na kwa hizo nina neno refu kidogo.

Mlikuwa wadogo nilipokuwa wakala wa katalogi mtaa huu mzima, kile kitabu kinene cha picha, jirani akichagua shuka au viatu, akinilipa kidogo kidogo kila Ijumaa, nami nikizipeleka hela kampuni kwa jina langu. Hao wa kampuni wakaibandika akaunti yangu bima bila kuniuliza, bima ya kulipa deni endapo nitaachishwa kazi, mimi ambaye kazi ya kuachishwa sikuwa nayo. Niliona tu deni limepanda, nikawaomba watu waongeze peni chache. Mavis alikuwa analipia koti lake jekundu, akapiga hesabu, akasema jikoni kwangu, majirani wamejaa, "Dada Winnie, hizo za juu unazila wewe." Mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimfungulia mlango akatoka, na hata mama yetu tulimzika kila mtu kasimama upande wake wa kaburi. Iliniuma, wanangu, kuliko nilivyowahi kuwaonyesha.

Miaka ikapita, Lorraine akasikia kwamba hela za bima za namna ile mtu anaweza kuzidai arudishiwe, hata akaunti iwe imefungwa na kusahauliwa. Nikamwambia aniache na mambo ya kale. Akashupaa, kichwa kigumu kama baba yake, akawapigia simu mpaka wakakiri, wakarudisha hela na riba yake. Sikununua hata soksi. Nilivaa kofia nikapanda basi hadi kwa Mavis, nikamweleza mlangoni, mvua inaninyeshea. Akasema, "Nilikuita mwizi mbele ya watu, dada. Nitakwenda kuwaambia."

"Watu wenyewe wengi wamekwisha," nikamwambia. "Weka chai."

Basi hivi ndivyo nitakavyo. Waliolipa kwangu, walio hai na watoto wa waliokufa, wapeni fungu lao. Mavis anawakumbuka wote, hata waliochelewa. Langu liwe la chai na mikate ya nyama siku ya kunizika, na siagi msiibanie. Mavis anataka kusimama kanisani aseme. Keith, najua utaona haya, lakini usimvute gauni. Mwacheni aseme mpaka amalize. Nitakuwa nimelala palepale mbele, na nina hamu ya kumsikia.

Nanyi mkija kutiliana shaka, ulizaneni faraghani kwanza. Mimi naondoka nimeridhika, wanangu. Mungu awatunze, awape... awape vicheko nyumbani kwenu.

Nimechoka sasa. Mwiteni Mavis, mwambieni vyombo... vyombo vitangoja. Lorraine, sogea, mpishe mama yako mdogo. Hapo. Kiti hicho ni chake tangu zamani.