Mafuta ya Kambini

Mwaka ule wakimbizi wa Kongo walipojaa Kigoma, nilipanda pikapu ya abiria kutoka Ujiji kwenda Mwanga. Mkabala nami walikaa wanawake wawili wasiojuana. Mmoja, Dainess, alikuwa mgeni aliyetoka Iringa kumtembelea kaka yake, na kikapu chake kilijaa dagaa na ndizi. Mwingine, Elida, alikuwa mkimbizi, amepakata kopo la mafuta ya msaada.

“Dada, nikuuzie?” Elida aliuliza.

Dainess alikunja uso. “Hapana. Tangu nifike hapa nanunua vya wavuvi na wakulima tu. Hayo ni ya watoto wa kambini. Sisi tukiyanunua, wao watakula nini?”

Alisema kwa sauti ya kutosha kusikika pikapu nzima. Elida hakuinamisha kichwa.

“Watoto unaowasema ni wangu, mama. Leo mahindi na maharage, kesho mahindi na maharage. Mdogo ameanza kuyatema. Nikiuza haya, nitampelekea dagaa kama hao wako.”

“Lakini mmepewa mle.”

“Wewe jana ulikula nini?”

“Samaki, mgebuka wa ziwani,” Dainess akajibu, na nadhani alijuta papo hapo, maana alikifunika kikapu kwa kanga. “Siwezi kula chakula cha msaada, dada. Roho inanisuta.”

“Hata mimi sikupenda kukila,” Elida akasema.

Kondakta akagonga bodi. Tulikuwa tumefika Mwanga. Elida alishuka wa kwanza, akaingia sokoni akiuliza kwa sauti nani anataka mafuta.