Gurudumu la Mbele, Upande wa Kushoto

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi mitatu ya utumishi, Bwana Simai Kificho, mtunza bustani wa hoteli yetu hapa Matemwe, anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, mtunza ghala, niandike wasifu wake kwa ukurasa mmoja, tena uwe wa kuchangamsha. Ukurasa umezidi kidogo. Uchangamfu nao mtaukuta huku mwanzoni. Huko mbele mtanisamehe.

Bwana Simai ni mzaliwa wa hapa hapa Matemwe. Alipoanza kazi Aprili 1996 pahala hapa palikuwa mawe matupu na vichaka, na vifaa alivyokabidhiwa vilikuwa panga, reki na ndoo mbili. Udongo ulikuwa haba hata kwa mchicha. Uliletwa kwa gari ya ng'ombe, yeye akaumwaga juu ya mawe na kupanda majani shina moja moja, akipiga magoti kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, kwa muda wa miaka miwili. Uwanja wanaopigia picha maharusi leo ni huo. Wageni huuliza mbegu zilinunuliwa wapi, na yeye huwaonyesha magoti yake.

Mwaka 2009 hoteli ilinunua trekta dogo la kukatia majani. Bwana Simai alilipanda siku ya kwanza akiwa amevaa viatu vyake vya Idi, na wafanyakazi wa jikoni wakatoka wote na mabakuli mikononi kumtazama. Alikata uwanja mzima vizuri kabisa, kisha akakata na bomba la maji la kumwagilia. Tangu siku hiyo hajakata bomba jengine, ila wapishi hawajaacha kumkumbusha.

Trekta lile lilikuwa na ugonjwa mmoja: gurudumu la mbele, upande wa kushoto, lilikuwa likivuja. Jioni unaliacha limejaa, asubuhi unalikuta limekaa chini. Mafundi wa mjini waliliziba mara tatu, kila mmoja akiapa kwamba ameuona msumari. Bwana Simai alilichukua nyumbani kwake kwa baiskeli, akaliweka juu ya kigoda uani, akakoroga sabuni ya unga kwenye beseni na kulipaka povu taratibu kwa brashi, pande zote, kama anayemwosha mtoto mchanga. Pale penye mpira hapakuwa na kitu. Vipovu vilichemka pale mpira unapokutana na chuma. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na chumvi ilikuwa ikiila rimu kidogo kidogo, ndiyo mpira ukawa haushiki.

Alichofanya baadaye hakimo katika kitabu cha trekta. Alitoa upepo wote, akaupandia mpira kwa mguu hadi ukaachana na chuma, akakwangua kutu kwa brashi ya waya na kumalizia na msasa. Kazi ngumu ni kuurudisha, kwa sababu tairi hili halina tyubu, na pampu ya baiskeli haiwezi kulijaza ikiwa midomo ya mpira imelegea. Basi alilizungushia tairi kamba ya usumba, ile ya makumbi ya nazi, akapitisha kijiti na kukisokota. Kamba ilipokaza, tairi lilibanwa kiunoni na midomo ikatanuka ikagusa chuma. Mkewe, Bi Kidawa, ndiye mshika kijiti, na mikono yake imezoea kukaza kamba za mwani. Bwana Simai hupampu mbio mbio mpaka isikike "tuk", kisha "tuk" ya pili, na hapo tairi limekaa. Kila baada ya miezi miwili mitatu kutu hurudi, na wao hurudia. Ndivyo alivyopata jina la Mzee Povu, na ndiyo maana katika miaka kumi na sita hatujaahirisha shughuli hata moja kwa sababu ya majani marefu.

Uchangamfu wangu umeishia hapa.

Baadhi yenu mnaijua barua ya onyo ya Agosti 2016. Wakongwe walikuwepo iliposomwa, na mlioajiriwa baadaye mmesimuliwa: Mzee Povu aliwahi kutoa mali ya hoteli getini bila ya ruhusa. Mimi ndiye ninayeijua habari hiyo kamili, na nimekaa nayo miaka tisa.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini, bado niko katika majaribio. Alhamisi ya tarehe 11, saa kumi na moja jioni, Bwana Simai alikuja dirishani kwangu. Mashine yetu ya kujazia upepo ilikuwa imeharibika, gurudumu limelala, na Jumamosi kulikuwa na harusi uwanjani. Alitaka hati ya getini ili alichukue gurudumu nyumbani. Gari ya wafanyakazi wa mjini ilishaanza kupiga honi, nami nilishafunga daftari kwenye mtoto wa meza. Nikamwambia, "Wewe chukua tu, Mzee Simai. Hati ntaiandika kesho." Akashukuru, akaondoka.

Sikuiandika. Ijumaa asubuhi nilikuwa nikihesabu mashuka, likanitoka kabisa. Saa nne meneja wa wakati huo aliniita, mlinzi wa getini yuko hapo na taarifa yake, na Bwana Simai amesimama karibu na mlango, suruali imeroa povu. Gurudumu lilikuwa limesharudi zamani na trekta linanguruma nje. Meneja akaniuliza kama nimetoa ruhusa. Daftari lilikuwa tupu mbele yake. Niliona kazi inaniponyoka, nikasema, "Sina habari."

Bwana Simai alinitazama. Ningependa kusema alinitazama kwa hasira, ningepata pa kujishikia. Alinitazama kama mtu anayepima kitu, kisha akamgeukia meneja, akasema, "Nlilichukua mwenyewe. Kosa langu."

Jumatatu barua ilisomwa kantini, wafanyakazi wote wamesimama. Nafasi ya msimamizi wa bustani ilikuwa wazi tangu Juni, na hapakuwa na mtu asiyejua kwamba ni yake. Lakini mwenye barua ya onyo hafikiriwi kwa mwaka mzima, na nafasi haikungoja mwaka. Akaletwa mtu kutoka nje, mtu mwema ambaye hana kosa lolote katika haya, na kwa miaka tisa msimamizi huyo alipokwama alikwenda kumuuliza Bwana Simai, naye alijibu.

Kuanzia hapo hakutoa gurudumu bila ya karatasi. Alikuja dirishani, akasema, "Bi Naznin, karatasi yangu," nami nikaandika. Nimeandika hati zaidi ya arobaini huku akinisubiri. Hajaniambia neno, hajanipunguzia salamu, na kila msimu wa matunda ya shokishoki aliniletea fungu. Nilikuwa nikizila ndani ya gari, njia nzima hadi kwetu Mtoni, na kila siku nikijiambia kesho nitasema. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshakua mkubwa.

Desturi yetu ni kwamba watu hawaachani bila ya kutakana radhi. Mwezi huu, siku ya pili ya Idi, nilikwenda kwake. Nilimkuta uani, gurudumu liko juu ya kigoda. Nilimwamkia, akaitika marahaba, nami nikamwambia yote, kama kwamba hayajui. Bi Kidawa ndiye aliyejibu kwanza. Alisema kwamba siku ile ya barua alimuuliza mumewe kwa nini hakujitetea, naye akamwambia, "Yule mtoto ana miezi mitatu, mie nna miaka ishirini. Mie watanipiga barua, nibaki. Yeye wangemtoa."

Nililia, sina la kuficha. Bwana Simai aliniacha nimalize, akasema, "Radhi nshakupa siku ile ile, mwanangu. Lakini barua ilisomwa mbele za watu." Aliinamia tairi akaizungusha kamba, na kwa kuwa Bi Kidawa alikuwa amekwenda kutia chai, akaniambia, "Hebu shika kijiti hicho." Nikashika, nikakaza mpaka viganja vikauma. Akapampu. Likalia mara mbili.

Ndiyo sababu wasifu huu niliomba niusome mwenyewe, na niusome hapa kantini, mahali pale pale. Wafanyakazi wenzangu, Simai Kificho hakutoa mali ya hoteli bila ya ruhusa. Ruhusa niliitoa mimi, na mimi ndiye niliyesema uongo. Uongozi wa sasa umeisikia habari hii kwangu wiki iliyopita na umekubali kuiondoa barua katika jalada lake. Yatakayonihusu mimi yatanihusu, na siyakimbii. Nafasi ya msimamizi hatuwezi kumrudishia, kwani Jumatatu anakwenda zake. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na hili naona hata radhi yake haiwezi kulizoa.

Mzee Simai, tunakushukuru kwa uwanja ulioupanda kwa magoti, kwa harusi ambazo hazikuahirishwa, na kwa ulimi uliouzuia. Bi Kidawa, ahsante kwa mikono yako. Mungu akupeni siha, usingizi mzuri wa mchana, na baiskeli isiyopakia gurudumu la mtu. Mwisho mwema, mzee wetu, na utuwie radhi sote.

Katika bahasha hii kuna barua ile, uichane mwenyewe. Na kuna hati ya getini, ambayo nimeiandika leo kwa tarehe ya leo, kwa sababu tarehe yake ya haki niliipoteza:

"Gurudumu moja la trekta, la mbele, upande wa kushoto. Lilitoka Alhamisi, tarehe 11 Agosti 2016, na Bwana Simai Kificho, kwa idhini yangu. Lilirudi kesho yake, zima.

Naznin Raza, Mtunza Ghala."