Safu ya Pili ya Dada Arlene

Mchungaji, walimu, wachezaji wa zamani na wa sasa, majirani wote wa Harlan Fork, mimi ni Wendell Fessler, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee historia ya maisha yake.

Arlene Fessler Dillman alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1955, kwenye shamba la mahindi la marehemu baba yetu Orval, kaskazini mwa mji huu, akiwa mtoto wa kwanza wa mama yetu Thelma, huyu hapa mbele kwenye kiti cha magurudumu, ambaye ana miaka tisini na mmoja, na asubuhi hii ameniuliza mara nne ni nani aliyefariki.

Alisoma hapahapa kuanzia darasa la kwanza hadi alipohitimu mwaka 1973, akaenda chuo kikuu kusomea hesabu, akarudi mwaka 1977 kufundisha katika shule hii, na Novemba ya mwaka huo akakalia kiti kile pale, kwenye meza ya waandika pointi, akaandika kila mpira wa kikapu uliorushwa katika ukumbi huu wa michezo tulimo leo, kwa miaka arobaini na saba.

Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapiga hesabu ya nani amerusha mara ngapi na ameingiza mara ngapi, na Jumatatu karatasi inabandikwa ukutani kwenye mgahawa wa Ilene, wazee wanabishana juu yake mpaka mayai yanapoa. Msimu wa mwaka 1979, nilipokuwa naichezea timu ya shule, jina la juu kabisa kwenye karatasi ile lilikuwa langu, kwa kuwa nilikuwa nimerusha mara tisini na sita na kuingiza hamsini na nane, sita katika kila kumi, wakati mwenzangu Rodney Tuttle, aliyekuwa anarusha zaidi ya mara ishirini kila mchezo, alikuwa anaingiza nne tu katika kumi.

Dada alinipenda, na aliziamini hesabu zake, basi akamfuata kocha Boyd Kessinger kabla ya fainali ya wilaya, akamwambia, "Kocha, mwenye sita unamnyima mpira, mwenye nne unampa wote, hesabu za wapi hizo?" Kocha akasema mpira si ubao wa darasani, lakini dada hakumwacha, na mwishowe kocha akakubali.

Niliambiwa saa moja kabla ya mchezo kwamba mipira itakuja kwangu, nikaenda kujifungia chooni, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Tarehe 3 Machi 1979, siku ya fainali hiyo, niligundua kwamba msimu mzima nilikuwa nasimama kwenye kona peke yangu, hakuna anayenijali, kwa sababu walinzi wawili wa wapinzani walikuwa wamemng'ang'ania Rodney, na siku ile wale wawili walikuja kwangu. Nilirusha mara ishirini na moja, nikaingiza tano, na robo ya nne nilikuwa najificha nyuma ya mlinzi wangu mwenyewe ili nisipewe pasi. Tulifungwa 61 kwa 52, na Rodney alinikuta chumba cha kubadilishia nguo, akaniambia, "Karibu, Wendell, mimi nimeishi humu msimu mzima."

Jumatatu dada alibandika karatasi mpya yenye safu mbili, ya kwanza ile ya zamani, ya pili ameiandika Mzigo, yaani katika mipira yote ya timu, ni mingapi imemwangukia mtu huyu, akamwomba Rodney msamaha mbele ya watu wote waliokuwa wanakunywa kahawa. Mzee mmoja akamtania, "Mwalimu, umetufelisha mtihani wa kwanza, sasa unaleta wa pili?" Dada akamjibu kwamba aliyefeli ni yeye mwalimu, na tangu siku hiyo hakuwahi kumpima mchezaji kwa safu moja, alisema anayekosa sana muulize kwanza alikuwa anakabwa na wangapi.

Alifunga ndoa na Gene Dillman tarehe 12 Juni 1982, wakajaliwa binti mmoja, Kendra, aliyezaliwa mwaka 1985 na yuko nasi hapa, na Gene akatangulia mwaka 2014. Mwaka 2019, mama alipoanza kusahau, dada alimchukua akae kwake.

Mimi naishi mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka kwake, nilikuwa naenda Jumapili na pai ya sukari na krimu, mama anacheka, ananishika shavu, anakunywa dawa mkononi mwangu bila neno, wakati dada ana alama za kucha mpaka kwenye viwiko. Kanisani watu walisema Wendell anajua kumtuliza mama, nami nikaamini, na siku moja, naona aibu kulisoma hili, nilimwambia, "Dada, mbona kwangu hagombi? Labda wewe unamharakisha." Alinikatia pai.

Tarehe 9 Septemba mwaka huu madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, na mwezi Oktoba aliniita, akanipa kitabu cha pointi, ambamo tangu Januari alikuwa ameandika kila mara mama alipoogeshwa, alipopewa dawa, alipolishwa. Arlene majaribio 611, mama alikubali 274, Wendell majaribio 19, alikubali yote 19. Nikacheka nikasema kumbe mimi ndiye bingwa.

"Soma safu ya pili," akasema. Ilikuwa tisini na saba kwake, na tatu kwangu. "Mama anakuchekea kwa sababu ameshagombana na mimi kabla hujafika. Nikiondoka, yote yatakujia wewe."

Nikamwambia naogopa. Akasema, "Najua, mdogo wangu, nilikuona ulivyojificha mwaka ule. Nakuomba safari hii usijifiche."

Aliaga dunia Jumatano, tarehe 20 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, mikononi mwa Kendra.

Mama yuko kwangu tangu tarehe 2 mwezi huu, nimejaribu kumwogesha mara saba, akakubali mara moja, na juzi alivuta pazia la bafu likakatika nusura aanguke, nikakaa sakafuni nikalia, mtu mzima wa miaka sitini na tatu. Ndani ya koti hili nina fomu ya nyumba ya kutunzia wazee iliyo mwendo wa saa mbili kutoka hapa, nimeijaza yote, imebaki sahihi, na Kendra anasikia habari hii sasa hivi pamoja nanyi. Kwenda huko si dhambi, labda siku itafika, lakini ninajua kwa nini niliichukua, na dada naye angejua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani kwa vyakula na kwa kusafisha theluji mlangoni, walimu wenzake, Ilene aliyekataa kubandua karatasi ya mwisho, na Rodney Tuttle, ambaye leo mlangoni ameniambia, "Safari hii kona nasimama mimi, wakikuzidi nipasie."

Dada Arlene, leo asubuhi nimejaribu tena kumwogesha mama, nimekosa, na nimeandika kitabuni. Saa kumi, tukitoka makaburini, nitajaribu tena, na ninaogopa kama siku ile. Lala sasa, dada yangu, umekabwa vya kutosha, mpira ninao mimi.